Kupandisha toleo la faiwoli ya Linux bila kujifungia nje: jibu kwa fundi wa Mafinga

Swali

Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni fundi wa mifumo katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Mafinga. Seva yetu ndiyo lango la ofisi: ina kadi mbili za mtandao, moja inaelekea kwa mtoa huduma wa intaneti na nyingine inaelekea kwenye kompyuta za ofisi, na kumbukumbu za wanachama zimo humo humo. Mtangulizi wangu aliifunga kwa Debian 8 (mfumo wa Linux), ikapandishwa hadi 9 kisha 10, na faiwoli yake, yaani kinga inayochuja kinachoingia na kutoka mtandaoni, ni Shorewall. Mwezi uliopita, nikiwa Iringa mjini, niliipandisha kwenda Debian 11 kwa njia ya SSH, yaani kwa kuingia kwenye mashine kutoka mbali. Katikati ya kazi iliniuliza kuhusu faili la shorewall.conf, nikabonyeza Y. Nilipoiwasha upya haikunipokea tena. Nilipanda basi, nikachomeka skrini na kibodi, nikaona kadi zinaitwa enp2s0 na enp3s0 badala ya eth0 na eth1. Nikarekebisha /etc/network/interfaces, nikaandika shorewall clear, kisha kanuni moja ya iptables (amri ya Linux ya kuweka kanuni za faiwoli) ili ofisi ipate intaneti, na hali iko hivyo mpaka leo. Naomba kujua nilikosea wapi. Je, nipakue Shorewall kutoka kwenye tovuti yake badala ya kutumia ile ya Debian. Na je, wakati umefika wa kuhamia nftables au ufw, faiwoli nyingine za Linux?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Kabla sijagusa swali lako la kwanza, nakuomba jambo moja lifanyike leo na lisisubiri wiki ijayo. Amri ya shorewall clear huondoa kanuni zote na kuiacha mashine wazi pande zote, ilhali shorewall stop hufunga karibu kila kitu na kuacha tu yale uliyoyaruhusu katika faili la stoppedrules. Mafundi wengi hudhani amri hizi mbili ni ndugu wa karibu, kumbe zinaelekea pande zinazopingana kabisa. Maana yake ni kwamba tangu siku ile uliyoshuka kwenye basi, seva yenye kumbukumbu za wanachama imekaa kwenye intaneti bila kizuizi chochote, na ile kanuni yako moja ya iptables inawatoa wafanyakazi nje tu, haimzuii mtu yeyote kuingia. Tena kanuni hiyo imo katika kumbukumbu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, peke yake. Umeme ukikatika jioni hii na kurudi, kanuni itakuwa imepotea, Shorewall itajaribu kuwaka na kushindwa kama ilivyoshindwa mara ya kwanza, na asubuhi utaambiwa intaneti ya ofisi imekufa.

Kwa hiyo anza kwa kuandika ss -tulpn ukiwa mbele ya mashine yenyewe, na uangalie ni huduma zipi zinazosikiliza kwenye anwani 0.0.0.0 au kwenye nyota. Ukiona hifadhidata inasikiliza humo, basi kwa wiki hizi zote imekuwa ikiweza kubishiwa hodi kutoka popote duniani. Kisha fungua /var/log/auth.log pamoja na mafaili yake ya nyuma, na utafute mistari yenye neno Accepted. Kila mstari wa aina hiyo unaonyesha mtu aliyefanikiwa kuingia, jina alilotumia na anwani aliyotokea, na kila mmoja wao ni lazima uweze kusema kwa uhakika kwamba ni wewe au mwenzako unayemfahamu. Mistari ya walioshindwa itakuwa mingi sana, usishtuke nayo. Ukikuta hata mstari mmoja wa aliyefanikiwa usioutambua, simamisha kila kitu nilichoandika hapa chini, chomoa waya wa nje, na uwaarifu viongozi wa chama, kwa sababu hapo jambo limetoka kwenye faiwoli na kuingia kwenye usalama wa fedha za watu.

Tukishavuka hapo, turudi kwenye chanzo cha tatizo. Shorewall si programu inayokaa ikifanya kazi muda wote kama ilivyo kwa seva ya wavuti. Husoma mafaili yako yaliyo katika /etc/shorewall, huyageuza kuwa hati ndefu ya amri, huiendesha hati hiyo ili kanuni ziingie kwenye kerneli, kisha hujiondokea. Kazi yote ya kuruhusu na kukataa pakiti hufanywa na kerneli, kupitia sehemu yake iitwayo netfilter, ambayo imo tangu kerneli 2.4 ya mwaka 2001. Ndiyo maana ukiitafuta Shorewall katika orodha ya programu zinazoendeshwa hutaiona, hata siku ambayo faiwoli yako iko salama kabisa. Kifurushi chenyewe, na hapa sisemi vifurushi vya bando bali vile vya programu, kinaweza kupandishwa toleo bila kugusa kanuni hata moja iliyomo ndani ya kerneli. Hatari huzaliwa pale hati mpya inapoendeshwa, na kwako wewe hati mpya iliendeshwa mashine ilipowashwa upya.

Wakati huo ilikutana na majina ambayo hayapo tena. Mashine iliyofungwa enzi za Debian 8 iliyahifadhi majina ya eth0 na eth1 katika faili la /etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules, na maelezo ya toleo la Debian 10, lililotoka Julai 2019, yalitahadharisha wazi kwamba utaratibu huo hauhakikishwi tena ingawa unaweza kuendelea kufanya kazi kwa baadhi ya mashine. Yako ilikuwa mojawapo ya hizo, ikakuvusha salama kwenye 10, ukafika 11 ukiwa umekwisha kuusahau. Mafaili yako ya Shorewall yaliendelea kuitaja eth0, kadi isiyokuwapo. Hati ilipojaribu kuulizia anwani na njia za kadi hiyo haikupata kitu, ikakatika njiani, na Shorewall ikafanya kile ilichoandikiwa kufanya inaposhindwa kuwaka, yaani kuingia katika hali ya kusimama. Katika hali hiyo faili la stoppedrules ndilo husema nani aruhusiwe, na nina hakika kubwa kwamba lako ni tupu. Faiwoli ilifanya wajibu wake wa kufunga mlango, na kadi zenyewe hazikupata anwani kwa kuwa /etc/network/interfaces nalo lilitaja majina ya zamani, nawe ukawa nje.

Herufi Y uliyobonyeza ni kosa la pili, na bahati nzuri linarekebishika. Kifurushi cha Debian kinapoleta faili jipya la mipangilio na kukuta lako umelibadilisha kwa mkono, huuliza ulifanyie nini. Y humaanisha chukua la mtengenezaji, N humaanisha bakiza la kwangu, na D hukuonyesha tofauti za mafaili hayo mawili mstari kwa mstari. Ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, jibu huwa ni N. Kwa faiwoli, bonyeza D kila mara, soma, kisha jibu N. Ulipojibu Y, kila ulichokuwa umekipanga mwenyewe katika shorewall.conf kilirudi katika hali ya faili la mfano, lakini faili lako la zamani halikufutwa. Limo katika saraka ile ile kwa jina la shorewall.conf.dpkg-old. Lilinganishe na jipya kwa amri ya diff, na urudishe mipangilio yako mmoja baada ya mwingine ukijua kila mmoja unafanya nini.

Sasa tuitengeneze. Kazi hii ifanyie mbele ya skrini ya mashine yenyewe, hapo Mafinga, hata kama chumba cha seva kina baridi ya Julai. Mimi siyapendi majina ya aina ya enp2s0 ndani ya mafaili ya faiwoli, kwa kuwa yanatokana na nafasi ya kadi kwenye ubao wa mashine, na siku utakapoongeza kadi nyingine au kubadilisha ubao yanaweza kusogea. Zipe kadi zako majina yako mwenyewe ukitumia anwani ya MAC (namba ya kiwandani) ya kila moja, ambayo utaipata kwa ip link. Andika faili la /etc/systemd/network/10-nje.link lenye mistari hii:

[Match]
MACAddress=anwani ya kadi ya nje
[Link]
Name=nje0

Kisha andika la pili, 10-ndani.link, lenye Name=ndani0. Endesha update-initramfs -u ili majina hayo yajulikane tangu mwanzo wa kuwaka, badilisha /etc/network/interfaces ilingane nayo, ondoa lile faili la zamani la 70-persistent-net.rules ili lisigombane na haya mapya, ndipo uiwashe upya. Ukiandika ip link na kuona nje0 na ndani0, umemaliza sehemu ya kwanza. Faida yake utaiona kila siku ya kazi: mtu yeyote atakayerithi mashine hii baada yako atafungua faili la kanuni na kuelewa papo hapo upande upi ni wa hatari.

Baada ya hapo andika grep -rn eth /etc/shorewall, nawe utaona kila mahali ambapo jina la zamani limebaki. Kwa kawaida ni mafaili matatu. La kwanza ni interfaces, ambalo kwa lango lenye kadi mbili linatosha kuwa hivi:

?FORMAT 2
net nje0 tcpflags,nosmurfs,routefilter
loc ndani0 tcpflags,nosmurfs,routefilter

La pili ni snat, ambalo kwa mashine za zamani huitwa masq, na ndilo linalozitoa kompyuta za ofisi kwenye intaneti kwa anwani moja. Kwa kuwa mafaili yako yametoka mbali, endesha kwanza shorewall update, amri inayosoma mipangilio ya enzi zilizopita na kuiandika upya kwa mtindo wa sasa: masq hugeuzwa kuwa snat, routestopped hugeuzwa kuwa stoppedrules, na chaguo mpya huongezwa ndani ya shorewall.conf. La tatu ni hilo hilo stoppedrules, na hapa nakusihi usiliache tupu tena. Weka angalau mistari hii:

ACCEPT ndani0 -
ACCEPT - ndani0

Kwa mistari hiyo, siku faiwoli itakaposhindwa kuwaka bado utaweza kuifikia kutoka kwenye kompyuta yoyote ya ofisini. Ikiwa una anwani ya kudumu huko Iringa, ongeza wa tatu: ACCEPT nje0:anwani hiyo, kisha alama ya -, kisha tcp na 22. Hakikisha pia kwamba ndani ya shorewall.conf chaguo la ADMINISABSENTMINDED limebaki Yes. Chaguo hilo hufanya miunganisho iliyokuwa hai iendelee hata faiwoli inaposimama, na kwa Shorewall ndilo lililowaokoa mafundi wengi, mimi nikiwamo.

Kabla ya kuipakia, endesha shorewall check. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu wengi huiamini amri hii kupita kiasi. Inakagua sarufi ya mafaili yako na uwezo wa kerneli, haikagui ukweli wa yale uliyoyaandika. Ukiandika eth0 kwenye mashine isiyo na eth0, check inaweza kukuambia kwamba mipangilio yote imethibitishwa, na isikudanganye, kwani kisarufi hakuna kosa. Kinachoupima ukweli ni kuwasha kwenyewe. Kwa hiyo tumia shorewall safe-start, au safe-restart ikiwa tayari iko hewani. Amri hizi hupakia kanuni mpya kisha hukuuliza kama unazikubali. Usipojibu ndani ya sekunde 60, huenda ni kwa sababu muunganisho wako umekatika na swali hulioni, hivyo safe-restart huirudisha yenyewe hali ya awali, ilhali safe-start hufanya shorewall clear, yaani huiacha mashine wazi. Ukishakubali, andika shorewall save ili hali hiyo nzuri ihifadhiwe na iweze kuitwa tena kwa shorewall restore.

Nimekazia jambo hili la kurudi nyuma kwenyewe kwa sababu nililipia somo lake. Miaka mingi iliyopita, nikiwa nyumbani hapa Mbeya usiku, nilikuwa nasafisha kanuni za seva ya shule moja ya Tukuyu kwa SSH. Sera ya mashine ile ilikuwa kukataa kila kinachoingia isipokuwa kilichotajwa. Niliandika iptables -F nikiwa na nia ya kuanza upya. Amri hiyo ilifuta orodha ya vilivyotajwa na kuiacha sera ya kukataa mahali pake. Kishale kwenye skrini yangu kilisimama pale pale, hakikumeta, hakikujibu herufi yoyote. Alfajiri nilikuwa Uyole nasubiri gari katika mvua, na wanafunzi waliokuwa na mtihani wa vitendo asubuhi ile hawakuufanya mpaka saa nne. Tangu hapo sijawahi kugusa faiwoli ya mbali bila kwanza kutega amri ya kunirudisha. Ukiwa na kifurushi cha at, ni mstari mmoja:

echo "shorewall restore" | at now + 10 minutes

Fanya kazi yako ndani ya dakika hizo. Fungua teminali ya pili na ujaribu kuingia upya, kwa sababu muunganisho wa zamani kuendelea kuishi si ushahidi kwamba mpya utakubaliwa. Ukiingia vizuri, andika atq uione namba ya kazi iliyotegwa, kisha uiondoe kwa atrm. Usipoingia, subiri. Dakika kumi za kuitazama skrini iliyoganda ni ndefu, lakini ni fupi kuliko barabara ya Iringa hadi Mafinga.

Swali lako la pili, la kupakua Shorewall kutoka kwenye tovuti yake, jibu langu ni hapana. Programu ile hugawanywa katika vipande: shorewall-core ambacho ni lazima kitangulie, kisha shorewall chenyewe kwa IPv4 (anwani za mtandao za mtindo wa zamani), shorewall6 kwa IPv6 (za mtindo mpya), na vingine vya hiari. Ukivifunga kwa mkono kutoka kwenye mafaili yaliyobanwa, wewe ndiwe utakayebeba mpangilio wake, matoleo yake na masasisho yake ya usalama kwa miaka yote ijayo. Ukivifunga kwa apt, mpangilio hutatuliwa wenyewe na saini ya hazina ya vifurushi hukaguliwa kabla ya kitu chochote kufungwa. Kibaya kuliko vyote ni kuchanganya njia mbili, yaani kifurushi cha Debian kikiwa chini na mafaili ya kupakua yakiwa juu yake. Mashine ya namna hiyo hubaki na hati za matoleo mawili zinazoitana, na makosa yake hayafanani na kitu chochote kilichoandikwa mahali popote. Kama huna hakika mtangulizi wako alifanya nini, andika dpkg -V shorewall shorewall-core. Kila faili la programu lililobadilishwa baada ya kufungwa litatajwa. Yale ya /etc uliyoyahariri yataonekana pia, hayo yaache; ukiona ya /usr/share/shorewall, funga upya kifurushi kwa apt install --reinstall.

Kuhusu shorewall6, usiipite. Shorewall yako haigusi pakiti za IPv6 hata moja. Ikiwa mtoa huduma wenu ameanza kuwapa anwani za IPv6, mashine ina mlango wa pili ambao hujaufunga. Ama funga shorewall6 na uiandikie mipangilio yake, ama weka DISABLE_IPV6=Yes katika shorewall.conf.

Hutaweza kubaki kwenye Debian 11 kwa muda mrefu, kwani matengenezo yake ya muda mrefu yana mwisho, tarehe 31 Agosti 2026, na safari ya kwenda 12 ni lazima uifanye kwa kutulia. Debian haikubali kuruka toleo: kutoka 11 unakwenda 12, na kutoka 12 ndipo uende 13. Siku hiyo nakili saraka nzima ya /etc/shorewall nje ya mashine, pamoja na matokeo ya iptables-save, ili uwe na picha ya kanuni kama zilivyokuwa kweli ndani ya kerneli. Fanya kazi ndani ya tmux ili kukatika kwa muunganisho kusiikate apt katikati. Endesha kwanza apt -s full-upgrade, ambayo hueleza itakayoyafanya bila kuyafanya, na usome orodha ya vifurushi vitakavyoondolewa neno kwa neno, kwa kuwa ni hapo ambapo faiwoli hutoweka kimya kimya bila mtu kujua. Maswali ya mafaili yajibu kwa D kisha N. Mwishoni endesha tena shorewall update, kisha check, kisha safe-restart. Kuwasha upya kufanyike tu mtu akiwa karibu na skrini na kibodi, hata kama ni karani uliyemwelekeza kwa simu amri moja ya kuandika. Ile amri ya at haikusaidii hapa, maana kurudisha kanuni zilizohifadhiwa hakutafaa kitu ikiwa kilichobadilika ni kerneli yenyewe au majina ya kadi.

Nije sasa kwenye nftables na ufw. Mwaka 2014 kerneli 3.13 ilileta nftables, ambayo ndiyo mrithi wa iptables ndani ya netfilter, na kuanzia Debian 10 hata amri ya iptables unayoiandika huwa kwa kawaida inazitafsiri kanuni zako na kuziweka upande wa nftables. Andika iptables -V nawe utaona kwenye mabano neno nf_tables au neno legacy. Kwa mashine iliyopandishwa mara nyingi kama yako, kagua hili mapema, kwa kuwa inawezekana kanuni za zamani zikawa zimebaki upande mmoja na mpya zikaingia upande mwingine, na zote mbili zikawa zinahukumu pakiti. Iptables-save ikikupa onyo kwamba kuna majedwali ya legacy, yatazame kwa iptables-legacy-save kabla hujaamua lolote.

Ufw, iliyoanza na Ubuntu 8.04 mwaka 2008, ni nzuri na naipendekeza kwa mashine yenye kadi moja inayotoa huduma moja au mbili. Unaruhusu SSH, unaruhusu wavuti, unaiwasha, basi. Kwa lango lenye kadi mbili inakubidi uanze kuhariri /etc/ufw/before.rules kwa mkono, na ukifika hapo umekwisha kupoteza urahisi ulioufuata. Firewalld naiacha kwa wenye mashine za ukoo wa Red Hat, ambako huja nayo tayari.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kwa sasa baki na Shorewall. Unaijua, kanuni zake zimeandikwa, na chama hakiwezi kujifunza kitu kipya wakati mlango uko wazi. Hata hivyo anza kujiandaa kuhama, kwa sababu mwanzilishi wake, Tom Eastep, alitangaza kustaafu kazi hiyo mwaka 2019, na Shorewall hadi leo huandika kanuni zake kupitia iptables. Chukua mashine kuukuu yoyote, ifunge Debian 12, na uandike humo lango lile lile kwa nftables. Iptables-restore-translate itakupa rasimu ya kuanzia kutoka kwenye faili lako la iptables-save, lakini isiwe ndiyo toleo la mwisho, maana kanuni ambazo Shorewall huzizalisha ni nyingi na za kuzungukazunguka, ilhali lango kama lako linaandikika kwa nftables kwa mistari isiyofika hamsini ambayo mtu anaweza kuisoma yote kwa mara moja. Kila ukibadilisha, kagua kwa nft -c -f /etc/nftables.conf kabla ya kuipakia.

Usifanye kosa la kufunga nftables na Shorewall zote mbili zikiwashwa pamoja kwenye mashine moja. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Faili la /etc/nftables.conf la Debian huanza na mstari wa flush ruleset, unaofuta kanuni zote zilizomo, zikiwamo zile ambazo Shorewall imeziweka kupitia iptables, na utakachobaki nacho kitategemea ni ipi iliyowaka mwisho. Nimeona ofisi ambayo faiwoli yake ilikuwa nzuri siku tatu na mbovu siku ya nne, kumbe kila ilipowashwa upya huduma mbili zilikuwa zikishindana mbio. Systemctl is-enabled nftables ikijibu enabled hapo kwako, izime leo hii. Vilevile ikiwa kuna Docker (programu ya kuendeshea huduma ndani ya makasha) kwenye seva hiyo, fahamu kwamba poti, yaani milango ya huduma, inazozichapisha hupita njia ya kuelekezwa wala hazipiti njia ya kuingia, na kwa hiyo kanuni unayodhani imeifunga poti inaweza isiiguse kabisa.

Utakapomaliza, usiipime kazi yako ukiwa ndani ya ofisi, kwa sababu ukiwa ndani unapita upande wa ndani0. Zima wi-fi kwenye simu yako, tumia bando, unganisha kompyuta mpakato kwenye simu hiyo, na uendeshe nmap -Pn, amri ya kutafuta poti zilizo wazi, kuelekea anwani ya nje ya seva. Zionekane zile poti tu ulizokusudia zionekane, na hifadhidata isiwe mojawapo. Kisha zima seva kwa makusudi siku ya Jumamosi ofisi ikiwa imefungwa, iwashe tena kana kwamba umeme umerudi, usiguse kibodi, na urudie kipimo hicho hicho. Matokeo ya mara ya kwanza na ya pili yakitofautiana, kuna kanuni uliyoiweka kwa mkono bila kuiandika kwenye faili. Ukikwama kwenye faili la snat, niandikie ukiniambatanishia interfaces, snat na matokeo ya ip addr, baada ya kuifuta anwani yenu ya nje.